Windows 7, 10 au 11? Cheki hili kabla ya kununua kompyuta ya mtumba

Unatafuta kompyuta ya mtumba Majengo, Dodoma, kwa matumizi ya nyumbani? Usiishie kwenye bei na kioo. Uliza inatumia Windows gani.

Windows 7: Nyepesi na watu wameizoea, lakini Microsoft iliacha kuilinda Januari 14, 2020.

Windows 10: Inakubali hata RAM ya GB 2. Masasisho yake ya kawaida ya usalama yaliisha Oktoba 14, 2025. Kompyuta haizimiki, ila mwanya mpya ukigundulika hauzibwi, na hapo ndipo nywila na pesa zako huwa hatarini.

Windows 11: Ilitoka Oktoba 2021 na bado inalindwa. Inataka RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64 na chipu ya usalama, TPM 2.0. Kuna waliofanikiwa kuiweka kwenye mashine isiyo na sifa hizo, lakini Microsoft haiwahakikishii masasisho.

Kabla ya kulipa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha Enter. Tafuta 2.0.

Unayo tayari mashine ya zamani? Linux Mint ni ya bure na inasasishwa. Ijaribu kwanza kwa flashi, bila kufuta chochote.