Kombe: Sumu ya Mshale Iliyogeuka Dawa ya Moyo

Leo tuelekee kusini, ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Humo ziwani hutoka Mto Shire, unaopita Malawi na kumwaga maji yake katika Zambezi, nchini Msumbiji. Katika bonde lake huota mmea utambaao uitwao kombe. Jina hili lisikuchanganye na kombe la mashindano. Hili ni neno la wenyeji wa huko.

Kombe ni wa jenasi ya Strophanthus, yenye spishi zaidi ya 30, nyingi zikiwa za Afrika. Maua ya spishi nyingi yana ncha ndefu zilizosokotwa kama kamba. Kutokana na mbegu za kombe, wawindaji walitengeneza sumu ya mishale. Mnyama aliyechomwa hakwenda mbali. Nyama iliyozunguka jeraha ilikatwa na kutupwa, nayo iliyobaki ikaliwa bila madhara.

Mwaka 1858 msafara wa David Livingstone ulifika Zambezi, na miongoni mwao alikuwamo daktari John Kirk. Kirk aliweka sumu kidogo mfukoni, pamoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki, alionja uchungu. Kisha mapigo ya moyo wake, yaliyokuwa yameongezeka kwa mafua, yakapungua. Ndipo ilipobainika kuwa sumu ile hutenda kazi moyoni. Kirk huyu ndiye aliyekuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, na mwaka 1873 akashiriki katika mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini.

Huko Edinburgh, Thomas Fraser aliichunguza sumu hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1885 akawaeleza madaktari wenzake manufaa yake kwa wagonjwa wa moyo. Dawa iliyotokana nayo iliitwa strofanthini. Kwa kuwa ikimezwa hufyonzwa kidogo mno, baadaye ilidungwa mshipani. Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini wawindaji walikula nyama ile wakasalimika: ujuzi wao ulikuwa sahihi kabla ya maabara kuuthibitisha.

Tusipunguze kazi ya Fraser. Kupima kipimo kinachoponya badala ya kuua si jambo dogo. Lakini Kirk na Fraser tunawajua kwa majina. Wawindaji wa Shire hatuwajui hata mmoja. Kilichobaki ni neno lao tu, ndani ya jina la kisayansi: Strophanthus kombe.

Mwaka 2010 mataifa yalipitisha Itifaki ya Nagoya, inayotaka jamii zenye ujuzi wa mimea ziombwe ridhaa na zigawiwe faida kwa haki. Kwa wawindaji wale imechelewa. Kwa wazee wetu wa leo bado.

Swali la kujadili: mtu akija kijijini kwenu kuulizia mti wa dawa, ni nani mwenye haki ya kumjibu, na kwa masharti gani?