Chupa Juu ya Nyuzi: Gitaa la Hauyani na Njia ya Migodini

Daraja la Kasumulu, wilayani Kyela kwenye mpaka wa Tanzania na Malawi, ni fupi mno ukilinganisha na mambo yaliyopita juu yake. Ng'ambo ya mto Songwe wako Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na kwa mila, na barabara inateremka na ziwa hadi Karonga, kisha Mzuzu, na mwisho Blantyre. Huko kusini, kijijini Chileka, mtafiti wa muziki kutoka Austria, Gerhard Kubik, alikutana mwaka 1967 na ndugu wawili, Daniel na Donald Kachamba. Wengi huwakumbuka kwa kwela, ule muziki wa filimbi ya bati uliotoka Afrika Kusini. Lakini nchini mwao palikuwa pia na namna nyingine ya kupiga gitaa, ambayo mpigaji wake habonyezi chodi hata moja. Wamalawi waliiita hauyani, kwa jina la visiwa vya Hawaii.

Siri ya hauyani iko kwenye kutyuni. Gitaa hukazwa na kulegezwa upya mpaka nyuzi zote, zikicharazwa bila kuguswa popote shingoni, zitoe chodi moja kamili. Mwanakwaya wa Kyela aliyefundishwa nyimbo kwa do-re-mi ataelewa haraka kuliko mpiga gitaa wa mjini. Chukua gitaa la kawaida, ambalo nyuzi zake kutoka mnene hadi mwembamba ni E, A, D, G, B, E. Njia moja inayojulikana dunia nzima ni hii: uzi wa sita, yaani ule mnene kabisa, unashushwa hadi D, wa tano hadi G, na wa kwanza nao hadi D. Zile tatu za katikati haziguswi. Unabaki na D, G, D, G, B, D, yaani so, do, so, do, mi, so. Hakuna sauti ngeni humo. Ukipitisha kidole kutoka juu hadi chini, gitaa limekwisha kuimba.

Baada ya hapo ni kazi ya chupa. Shingo ya chupa au kipande laini cha chuma hulazwa juu ya nyuzi na kuteleza. Ikifika kwenye chuma cha tano cha shingo, unapata chodi ya fa. Cha saba, chodi ya so. Cha 12, umerudi kwenye do ileile, sauti ya juu zaidi. Nyimbo nyingi za harusini, za pombe na hata za kanisani hazidai zaidi ya chodi hizo tatu. Mwanafunzi hukosea mahali pamoja: chupa inatakiwa ikae juu ya chuma chenyewe, wala si nyuma yake kama kidole kinavyokaa, na isikandamizwe hata uzi ukagusa ubao. Ikiwa nyuma kidogo sauti inapwaya, ikipita mbele inachongoka. Na kwa kuwa chupa imenyooka, haiwezi kujikunja kama vidole vinne vinavyojipanga kila kimoja mahali pake. Ndiyo maana chodi lazima iwe imeshatengenezwa ndani ya nyuzi kabla wimbo haujaanza.

Mtindo wenyewe ulizaliwa mbali sana. Kijana wa kisiwa cha Oahu, Joseph Kekuku, anatajwa kuwa ndiye aliyeanza, katika miaka ya 1880, kutelezesha chuma juu ya nyuzi za gitaa. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliwapa Wamarekani kichaa cha muziki wa Hawaii, na santuri zikaueneza kila zilikofika meli. Katika kusini mwa Afrika ulipata wasikilizaji tayari, hasa kwenye kambi za wachimba madini, na kufikia miaka ya 1940 na 1950 ulikuwa umeshika mizizi.

Kambi hizo ndizo zinazoiingiza Kyela katika habari hii. Mwambao huu wa kaskazini mwa ziwa, ambao zamani ulikuwa ndani ya Wilaya ya Rungwe, ulipeleka vijana migodini kwa miongo kadhaa. P. H. Gulliver, mtaalamu wa jamii aliyefanya kazi na serikali ya kikoloni ya Tanganyika, aliona jambo hilo ni zito kiasi cha kuliandikia makala maalumu mwaka 1957 juu ya Wanyakyusa na kazi za mbali. Wengine waliingia Copperbelt, kwenye miji ya shaba ya Kitwe, Mufulira na Luanshya. Wengine waliandikishwa na Wenela, shirika la kuajiri watu wa migodini, wakaishia kwenye dhahabu ya Johannesburg, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipofunga mlango huo. Kijana aliyekulia kwenye mpunga wa Kyela alijikuta bwenini akilala na Mbemba, Mtonga wa Nkhata Bay na Mnyanja wa kusini. Gitaa lilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo mshahara wa mgodini uliweza kununua.

Masikio nayo yalipata chakula. Kituo cha utangazaji cha Lusaka, kilichoanza mwaka 1941, kilihudumia Nyasaland, yaani Malawi ya leo, pamoja na Rhodesia zote mbili, na mwaka 1949 ikatoka redio ndogo ya betri yenye umbo la sufuria, iliyokusudiwa mfuko wa Mwafrika wa kawaida. Mawimbi mafupi hayasimami mtoni kuulizwa pasi. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyeishi Afrika Kusini, alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco, akarekodi naye "Masanga". Mwenda alipiga gitaa kavu kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, hata msikilizaji akadhani kuna watu wawili. Nyimbo zake nyingi ziko katika Kiswahili cha Katanga, kwa hiyo upande wetu wa mpaka hazikuhitaji mkalimani. Hauyani haikuwa peke yake, basi. Ilishindana na Katanga, na kwa maoni yangu Katanga ilishinda huku kwetu kwa sababu ya lugha kuliko kwa sababu ya vidole.

Hata hivyo sidhani kwamba gitaa lenye nyuzi wazi lilipokelewa kama kituko. Nyanda za juu kusini zilikuwa na wataalamu wa nyuzi kabla gitaa halijafika. Wahehe wana ligombo, ubao uliochimbwa kama kihori, uzi mmoja mrefu ukipitishwa kwenye mapengo ya huku na huku mpaka unakuwa nyuzi kadhaa. Kusini mwa Malawi kuna bangwe, ala ya jamii hiyohiyo. Ala hizi hazina shingo ya kubonyezea. Kila uzi unatyuniwa kwa sauti yake na unapigwa wazi. Mpigaji akitaka wimbo wenye sauti nyingine, anatyuni upya. Mtu aliyelelewa na ala ya namna hiyo, ukimpa gitaa, ataanza na vigingi vya kukazia nyuzi, kitabu cha chodi baadaye kama kipo.

Halafu kuna banjo za kujitengenezea, zenye mwili wa bati au ubao na nyuzi zilizotolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Nyuzi zikiwa nne, tyuni ya wazi ni akili ya kawaida. Madalitso Band ya Malawi, kundi la watu wawili, ndivyo lilivyojijenga: gitaa la nyuzi nne, ngoma ya mguu, na babatoni, besi ndefu ya uzi mmoja inayotelezeshwa badala ya kubonyezwa. Walianzia kupiga mitaani Lilongwe, na mwaka 2017 wakapanda jukwaa la Sauti za Busara, Zanzibar.

Kilichoisukuma tyuni ya wazi pembeni ni dansi. Bendi kama Morogoro Jazz, Western Jazz na Tabora Jazz zilikuwa na solo, rizimu, besi na vyombo vya kupuliza, na wote walipaswa kukutana kwenye sauti moja na kuhama pamoja kutoka wimbo hadi wimbo. Gitaa lililofungwa kwenye chodi moja halina nafasi hapo. Wacongo wao walichezea kidogo: katika gitaa wanaloliita mi-composé, uzi wa nne unatolewa, unawekwa mwembamba unaolia oktava moja juu, na vidole vinabaki palepale. Hiyo bendi inaweza kuivumilia.

Anayetaka kujaribu ile ya D na G pale Kyela hahitaji zaidi ya gitaa kavu na chupa ndogo yenye ubavu ulionyooka. Nyuzi zilizonyanyuka kidogo kutoka kwenye ubao ndizo zinazofaa. Na afuate njia hii ya kulegeza, asijaribu ile nyingine inayopandisha nyuzi tatu kupata chodi ya A: hiyo hukaza nyuzi zaidi, na uzi wa zamani unaweza kukatikia mkononi.