Kabaka Mwanga II: Mfalme Aliyepata Hifadhi Bukumbi, Mwanza

Kabaka Mwanga II wa Buganda, aliyetawazwa mwaka 1884, aliamuru kuchimbwa ziwa huko Mengo, akikusudia kuliunganisha na Ziwa Victoria. Kazi hiyo haikukamilika.

Mwaka 1888 alipanga kuwatelekeza kisiwani askari wake Waislamu na Wakristo. Walikataa kupanda mitumbwi, wakampindua. Alikimbia kwa mtumbwi hadi Magu, alikozuiliwa na wafanyabiashara Waarabu, kisha akapokewa na wamisionari Wakatoliki wa Bukumbi, Mwanza. Mwaka 1889 alirejea kwa mashua ya mfanyabiashara Charles Stokes, akakipigania na kukipata tena kiti chake.

Waingereza walimkamata mwaka 1899 na kumpeleka uhamishoni Shelisheli, alikofariki mwaka 1903. Mabaki yake yalirejeshwa Kasubi mwaka 1910.