Google Earth: tusome tarehe kabla ya kuamini picha

Wengi wenu mnayo programu ya Google Earth katika simu. Ni programu inayotuonyesha sura ya dunia kutoka juu. Ilitolewa mwaka 2005, baada ya Google kuinunua kampuni ya Keyhole iliyoitengeneza mwanzoni. Hailipiwi. Hata ile ya kompyuta iitwayo Google Earth Pro, iliyouzwa hapo zamani, ni ya bure tangu mwaka 2015. Gharama yetu ni intaneti tu, maana inakula megabaiti nyingi.

Tukiandika jina Goma, dunia inazunguka hadi tufike juu ya mji. Tukisogea karibu tunaona ziwa Kivu, uwanja wa ndege na mabati ya nyumba. Upande wa kaskazini tunaona kinywa cha Nyiragongo, na chini yake mistari myeusi. Ndiyo njia ya moto wa Januari 2002, ulioingia mjini hadi ziwani, na ule wa tarehe 22 Mei 2021, uliosimama kwenye ukingo wa mji, upande wa Buhene.

Lakini tuelewe jambo hili: hatuoni mahali pale jinsi palivyo saa hii. Picha zimepigwa na setilaiti au ndege siku mbalimbali, kisha zikaunganishwa kama vipande vya kitambaa. Kipande kimoja kinaweza kuwa cha mwaka jana, na cha jirani kikawa cha miaka mingi nyuma.

Kwetu sisi jambo hilo ni zito. Ndugu aliyekimbia vita anatafuta kijiji chake, anaona paa la nyumba yake lingali zima, naye anaanza kufunga mizigo arudi na watoto. Pengine picha ile ilipigwa kabla hajakimbia.

Kwa hiyo, katika Google Earth Pro, tusome kwanza tarehe ya picha iliyoandikwa chini ya kioo. Kisha tubonyeze alama ya saa iliyo juu. Inafungua picha za miaka iliyopita, tukaweza kuzilinganisha. Na kabla ya kupanga safari, tuwapigie simu watu walioko kule. Usalama wa njia hauonekani kutoka angani.