Kabla ya Gigiri Kulikuwa na Kabete

Wasee, hii naiandika nikiwa stejini Kianjokoma, nangoja matatu ijae tushuke Embu mjini. Kila wiki lazima mtu aniulize: "Nimesomea kazi ya jamii, naingia aje UN?" Mimi sina koneksheni Gigiri. Nina historia tu, na nadhani ndiyo inakosekana kwa CV zetu.

Hii kazi haikuanza na NGO. Mwaka 1925 wakoloni walifungua Jeanes School pale Kabete, wakisaidiwa na pesa za Carnegie kutoka Marekani. Walimu Waafrika walienda huko na wake zao, wakafunzwa mambo ya usafi, kilimo na malezi, halafu wakatumwa kuzungukia shule za vijijini. Pesa za nje, mfanyakazi wa hapa, kijiji kikiitwa mradi. Inakukumbusha kitu?

Maendeleo ya Wanawake ikaja 1952, mwaka uleule Hali ya Hatari ilipotangazwa. Huku kwetu Embu watu walihamishwa kwa nguvu, wakafungiwa kwenye vijiji vyenye mitaro na kupewa kazi ya lazima. Vikundi vilifundisha akina mama kushona na kulea watoto, sawa, lakini serikali ilivitumia pia kuwavuta watoke upande wa Mau Mau. Yaani hata sindano na uzi vilikuwa na siasa ndani.

Baadaye wanawake wenyewe walikishika chombo. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza chama hicho. Akaja kuwa mbunge wa Karachuonyo, kisha balozi mwema wa UNIFEM. Angalia mpangilio: vikundi kwanza, UN mwisho.

Sasa shuka Mbeere, huko kwenye joto. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa moja ya sehemu sita za majaribio ya mpango wa serikali wa maendeleo vijijini, Norway ikisaidia. Mpango ulikwisha. Kiu ya maji haikuisha. Na 2025, Marekani ilipofunga mifereji ya USAID, Wakenya wengi walipoteza job kwa wiki chache tu.

Maoni yangu? Omba hizo kazi za Gigiri, hakuna ubaya. Lakini usianzie huko. Nenda kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo yako, uliza vikundi gani vimesajiliwa. Kaa na kimoja mwaka mzima. Waandikie kumbukumbu za mikutano, jifunze hesabu zao, jua kwa nini mradi wa mwisho ulikufa. Hiyo ndiyo experience ambayo hakuna mtu wa kutoka ng'ambo anaweza kukushinda.

Mfadhili huja na kuondoka, kikundi hubaki. Halafu siku ukiulizwa kwa intavyu umetumwa na nani, utakuwa na jibu.