Huzuni Isiyo na Sababu: Waliyoyajua Waislamu wa Kale Kuhusu Maradhi ya Nafsi



Katika jamii zetu mtu akivunjika mguu hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Lakini mtu akikaa miezi hali vizuri, halali usiku, hana hamu na wanawe wala na kazi yake, huambiwa ana mawazo, au imani yake imepungua, au amepandwa na jini. Akizidiwa hufichwa chumbani ili majirani wasijue. Wasemao hivyo hudhani wanautetea Uislamu, na kwamba kutibu nafsi ni jambo tulilolipokea kutoka kwa Wazungu. Basi na tuitazame historia yetu tuone kama ni kweli.

Tuanze na Mitume

Nabii Yaqub (a.s.) alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na Qur'ani imetusimulia hayo katika Surat Yusuf bila ya kumlaumu. Mtume wetu (s.a.w.) alifiwa na mkewe Bi Khadija (r.a.) na ami yake Abu Talib katika mwaka wa kumi wa utume, na wanahistoria wakauita mwaka huo Mwaka wa Huzuni. Katika dua zake alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na wasiwasi na huzuni. Bi Aisha (r.a.) akiagiza wafiwa wapikiwe talbina, yaani uji wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema kwamba hutuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Na watu walipomuuliza Mtume kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, kwani hakuna maradhi yasiyo na dawa ila uzee. Hadithi hiyo imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, wala haikutenga maradhi ya mwili na ya nafsi.

Mwanachuoni wa Balkh

Abu Zayd al-Balkhi alizaliwa karibu na mji wa Balkh, katika Afghanistan ya leo, yapata mwaka 850, akasoma Iraq, na akafariki mwaka 934. Aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Humo aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kushughulikia mwili na kuiacha nafsi, ilhali mwanadamu ni vyote viwili, na kimoja kikiugua na mwenzake hupata taabu.

Jambo kubwa alilolibainisha ni kuwa huzuni ni za aina mbili. Ya kwanza ina sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali. Ya pili humjia mtu naye hajui imetoka wapi, ikamnyima raha na hamu ya mambo anayoyapenda. Hii ya pili alisema asili yake ni mwilini, hivyo itibiwe kwa njia ya mwili, pamoja na kumliwaza mgonjwa. Ama ile ya kwanza alishauri itibiwe kwa fikra na kwa maneno ya mwenye hekima, na kwamba mtu ajiwekee fikra njema wakati wa uzima, kama awekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua.

Katika miaka ya 1960 daktari Aaron Beck wa Marekani alianzisha tiba ya kumsaidia mgonjwa kuzichunguza na kuzirekebisha fikra zake. Malik Badri, mwanasaikolojia Mwislamu wa Sudan aliyefariki mwaka 2021, alifasiri kwa Kiingereza sehemu ya kitabu cha al-Balkhi inayohusu nafsi na kuonyesha jinsi njia hizo mbili zinavyokaribiana.

Hospitali za waqfu

Al-Balkhi hakuwa peke yake. Ishaq ibn Imran, tabibu wa Kairouan nchini Tunisia, aliandika risala nzima kuhusu ugonjwa wa huzuni. Miongoni mwa sababu zake alitaja kufiwa na mtoto, na hata mwanachuoni kupoteza vitabu vyake. Risala hiyo ilikuja kufasiriwa kwa Kilatini ikasomwa Ulaya.

Watawala nao walijenga hospitali na kuziwekea waqfu: ya Nur al-Din mjini Damascus mwaka 1154, ya Qalawun mjini Cairo kati ya 1284 na 1285, na ya Sultan Bayezid II mjini Edirne mwaka 1488. Wagonjwa wa akili walikuwa na nafasi humo. Edirne walitibiwa pia kwa sauti ya maji na muziki. Hatusemi kila kitu kilikuwa kizuri, kwani wagonjwa wenye fujo walifungwa minyororo. Tunachosema ni kuwa waliitwa wagonjwa, na matibabu yao yalihesabiwa kuwa sadaka.

Hofu yetu imetoka wapi?

Huku kwetu wengi waliijua hospitali ya akili kwa njia nyingine. Ile ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa na serikali ya kikoloni mwaka 1910 ili kuwatenga watu, na hadi leo jina lake hutumiwa kama tusi. Sheria nayo iliongeza hofu: ni Januari 2025 tu ndipo Mahakama Kuu ya Kenya ilipotamka kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Tufanye nini?

Wazazi na wanafunzi, tujue kwamba huzuni ya kawaida hupungua siku zikipita. Ikidumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, ikamwondolea mtu usingizi, chakula, nguvu na matumaini, hiyo huenda ikawa sonona, nayo ni ugonjwa. Mama aliyejifungua karibuni naye aangaliwe kwa makini.

Aende hospitali akaonane na daktari au mshauri wa kisaikolojia. Akipewa dawa asubiri, kwani huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na asiziache ghafla bila ya kumuuliza daktari. Akisema anataka kufa, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Swala, Qur'ani na dua zibaki mahali pake. Mgonjwa wa malaria humeza dawa huku anaomba dua, na hakuna anayemwambia imani yake ni ndogo. Mgonjwa wa sonona naye anastahili hivyo hivyo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, wanaoonekana na waliofichwa majumbani. Amin.

Wabillahi tawfiq.