Nyumba ya Regina na Historia ya Kuzuia Uvujaji wa Hewa katika Majengo ya Makazi, 1977–1991

Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, serikali ya jimbo la Saskatchewan, Kanada, ilitaka ijengwe nyumba ya mfano itakayotumia nishati ya jua. Watafiti waliopewa kazi hiyo, akiwamo mhandisi Harold Orr, waliliona tatizo kwa namna tofauti. Katika jimbo ambalo halijoto hushuka chini ya nyuzi hasi 30, tena wakati mchana ni mfupi mno, kulihifadhi joto lililomo ndani kulikuwa na manufaa kuliko kutafuta jingine juani.

Nyumba hiyo ilikamilika mjini Regina mwaka 1977. Kuta zake zenye safu mbili za nguzo za mbao zilikuwa na unene wa sentimita 30 hivi na zilijazwa vihami joto. Hata hivyo, unene huo, ambao ndio husifiwa zaidi, si hoja ya msingi. Kihami hakifai kitu iwapo hewa inapenya pembeni mwake. Kwa sababu hiyo mafundi waliizungushia nyumba karatasi ya polithini isiyokatika, wakaziba kila kiungo na kila tundu la waya. Jengo likishakamilika kazi hiyo haionekani, hupimwa tu. Feni hufungwa mlangoni, tofauti ya kanieneo kati ya ndani na nje hufikishwa paskali 50, kisha hewa inayopita hukadiriwa. Kwa kipimo hicho, hewa ya nyumba ya Regina ilibadilika mara 0.8 kwa saa.

Mafanikio hayo yalizua hatari mpya, kwani unyevu wa kupikia, kuoga na hata kupumua ulikosa pa kutokea. Ndipo kikawekwa kifaa ambamo hewa chafu inayotoka huiachia joto lake hewa safi inayoingia, pasipo kuchanganyika.

Vikusanya joto la jua, vilivyotarajiwa kuwa fahari ya nyumba, vilisumbua na hatimaye viliondolewa. Uzibaji wa mianya ndio ulioendelea: mpango wa Kanada wa R-2000, ulioanza mwaka 1982, uliweka ukomo wa mara 1.5, nyumba ya Wolfgang Feist mjini Darmstadt, Ujerumani, ilianza kukaliwa mwaka 1991, na kiwango kilichotokana nayo kikaushusha ukomo hadi 0.6. Taasisi ya Feist ilimtunuku Orr mwaka 2015.